UZI: Kisu kilichokataa kukunjika. Protini ya BCR-ABL, domeni zake, na kidonge cha kila siku cha mjomba wangu

#1 MtuWaMaabara

Wakuu habari za jioni, uzi ni mrefu kidogo, kaa na chai yako.

Mimi nimesoma baiokemia na sasa nafanya kazi maabara. Miaka minne iliyopita mjomba wangu, mkulima wa korosho kule Masasi, aligundulika na kansa ya damu, ile inayokwenda polepole ambayo madaktari wanaiita CML. Kabla ya hapo alizungushwa karibu mwaka mzima kwenye zahanati moja, leo malaria, kesho minyoo, keshokutwa bandama limevimba kwa malaria za utotoni, huku yeye anaongeza tundu kwenye mkanda na akila nusu sahani keshashiba. Siku anakuja kupimwa FBP (kipimo cha kuhesabu chembe za damu) ya maana chembe nyeupe zilikuwa zaidi ya 200,000 kwenye mikrolita moja ya damu, na mtu wa kawaida anakuwa nazo kati ya 4,000 na 11,000 hivi. Akaanzishiwa kidonge cha imatinibu, miezi mitatu bandama likarudi mahali pake, akarudi shamba.

Sasa mwezi uliopita kaniuliza, "Mjomba, mimi siumwi, nalima, nakula, kwa nini unaning'ang'aniza na hicho kidonge?" Kumbe kwenye msimu wa korosho kakaa wiki tatu hajameza. Nikataka kumjibu nikajikuta kila ninachotaka kusema ni vitisho tu, utakufa, ugonjwa utarudi. Miaka minne sijawahi kumweleza mwilini mwake kuna nini, na mimi ndo msomi wa haya mambo, iliniuma sana. Kwaiyo naandika hapa kwanza nipange kichwa, afu wiki ijayo akija Dar kliniki nimweleze vizuri.

Tuanze na protini, maana kansa ya mjomba inaendeshwa na protini moja iliyoharibika, BCR-ABL, nitaifikia. Seli haina bosi anayekaa ofisini kuamuru gawanyika au tulia, amri zinapita kwa protini kushikana, kuachana, kuwashana na kuzimana. Na hizi protini za kupeleka ishara hazikuchongwa kama jiwe moja, zimeungwa kwa vipande, na kipande hichohicho unakikuta kwenye protini hii na ile na ile kikifanya kazi ileile. Vipande hivyo ndo vinaitwa domeni. Fundi aliyezoea vipuri ataelewa haraka, bearing ileile inaingia kwenye pikipiki na kwenye mashine ya kusaga.

Domeni ya kainesi inachukua fosfeti kutoka kwenye ATP (molekuli inayobeba nishati ya seli) na kuibandika kwenye protini nyingine. Zile zinazotuhusu leo zinabandika kwenye tairosini, moja ya asidi amino, yaani matofali yanayojenga protini. Domeni ya SH2, ina asidi amino kama 100 tu, inasoma kibandiko hicho: ndani yake kuna kishimo chenye arijinini (asidi amino nyingine), arijinini ina chaji chanya na fosfeti ina chaji hasi, zinashikana. Tairosini isiyo na fosfeti SH2 inaipita tu kama haijaiona. Domeni ya SH3 ni ndogo zaidi, kama asidi amino 60, yenyewe inashika sehemu zenye asidi amino ya prolini nyingi. Kuna na PH inayoshika mafuta fulani ya utando wa seli, hiyo tuiache leo.

Kwaiyo kuna anayeandika (kainesi), kuna anayesoma (SH2), na kuna wengine wanaofuta, wanaitwa fosfatesi. Mwili wa binadamu una aina za SH2 zaidi ya 100 zinazokaa zikisubiri mtu aandike. Naendelea.

#2 Bi Mwanahawa

Nimekaa mwanangu. Pole kwa mjomba.

#3 kipusa_wa_Eldoret

Hapa Kenya tunafuatilia. Swali langu, hivi vitu ni vidogo kuliko hata kitakachoonekana na darubini ya kawaida, walijuaje kuna kipande kinasoma na kingine kinaandika?

#4 MtuWaMaabara

Dada swali zuri na jibu lake linaanzia kwa kuku.

Mwaka 1911 New York daktari Peyton Rous alichukua uvimbe wa kuku, akausaga, akauchuja mpaka hakuna seli hata moja inayopita, akawadunga kuku wengine yale majimaji na wao wakaota uvimbe. Kilichopita kwenye chujio kilikuwa kirusi. Ilibidi asubiri hadi 1966 kupewa Nobel, miaka 55! Baadaye ikajulikana kirusi kile kinabeba jeni moja ya kuleta kansa, ikaitwa Src, na 1976 kundi la Bishop na Varmus kule San Francisco wakaonyesha jeni hiyo sio ya kirusi kabisa, kirusi kiliiokota kwa kuku mwenyewe zamani. Yaani kuku mzima ana Src, na mimi na wewe tunayo, inafanya kazi zake za halali.

1979 Tony Hunter kule California alikuwa anatenganisha asidi amino zenye fosfeti kwa umeme, na ile bafa yake (maji ya maabara yanayotunza pH, yaani kiwango cha asidi) alikuwa ameshaitumia mara kadhaa, pH ikawa imeshuka kidogo tu. Kwa bafa mpya lile doa lingejificha pamoja na doa la threonini, asidi amino nyingine. Kwa ile iliyochakaa likajitenga peke yake, na ndo ikawa mara ya kwanza mtu kuona tairosini yenye fosfeti. Kwenye seli ya kawaida ni chache mno, haifiki hata 1 kati ya 1,000 ya fosfeti zote zilizobandikwa kwenye protini. Mimi kila nikitayarisha bafa nalikumbuka doa lile.

Halafu 1986 Tony Pawson na wenzake Vancouver, Kanada, nao na kirusi kingine cha kuku kinaitwa Fujinami. Wakaharibu sehemu ndogo ya protini yake ambayo SIO kainesi. Sehemu ya kuandika hawakuigusa, lakini uwezo wa kugeuza seli kuwa kansa ukapungua. Wakatazama, sehemu hiyohiyo ipo na kwenye Src, na ipo na kwenye Abl. Ndo wakaipa jina SH2, S na H zinasimama kwa kufanana na Src. Huyu mzee alifariki 2013 na kwa maoni yangu alistahili Nobel kuliko wengi walioipata, kwa sababu kabla yake watu walikuwa wanatazama kainesi tu wakati siri nyingine ipo kwenye hivi vipande visivyoandika chochote.

Sasa twende kwenye kisu. Fikiria kisu cha kukunja. Src ikiwa imetulia, mkia wake una tairosini yenye fosfeti, na SH2 yake yenyewe inaudaka ule mkia wake mwenyewe, protini inajikunja, makali (yaani kainesi) yanaingia kwenye mpini. SH3 nayo inabana kwa upande mwingine. Ishara ikija, mkia unaachiwa, kisu kinafunguka, kinaandika, kinajikunja tena. Ile Src ya kirusi imekatika mkia! Hakuna cha SH2 kudaka, kisu kinabaki wazi usiku na mchana. Makali ni karibu yaleyale ya kuku mzima, kilichopotea hasa ni namna ya kukunja. Hapa ndo nataka mjomba afike: kansa yake haikuletwa na kitu kigeni kilichoingia mwilini, ni kifaa chake cha halali kilichopoteza kufuli.

#5 Mzee wa Kigamboni

Mwalimu nakuelewa, ila hapo kwenye kuku naomba ufafanue maana nyumbani tunafuga. Hicho kirusi kinaweza kutuambukiza kansa sisi?

#6 MtuWaMaabara

Shikamoo mzee. Hapana, kirusi cha Rous ni cha kuku, mtu hapati kansa kwa kula kuku wala kwa kufuga. Tunakitaja kwa sababu ndicho kilichotuonyesha jeni ambayo hata sisi tunayo.

#7 MtuWaMaabara

Sasa ABL, ndugu wa Src na ndo mhusika wa mjomba.

ABL nayo ina SH3, ina SH2, ina kainesi, kwa mpangilio uleule. Ila yenyewe haina ule mkia wa kudakwa. Inajikunjaje basi? Mbele kabisa, kwenye kichwa chake, imefungwa kipande cha mafuta, asidi ya miristiki. Hicho kipande cha mafuta kinapinda nyuma na kuingia kwenye kishimo kilichopo mgongoni mwa kainesi, kikishaingia SH2 na SH3 zinakaa mgongoni kama koleo, kisu kimefungwa.

Na hii asidi ya miristiki wakuu, jina lake limetoka kwenye kungumanga! Kungumanga kwa kisayansi ni Myristica, na mafuta yake yamejaa asidi hiyo, hata mafuta ya nazi yanayo ya kutosha. Bibi yangu alikuwa anaikuna kwenye maziwa, na mimi nilimaliza chuo ndo nikajua kwamba komeo la ABL kwenye kila seli yangu ni mafuta ya aina hiyohiyo.

Kinachotokea kwenye CML: seli moja, MOJA TU, ndani ya uboho wa mifupa, kromosomu ya 9 na ya 22 zinakatika na kubadilishana vipande. Nowell na Hungerford waliiona kromosomu fupi isiyo ya kawaida mwaka 1960 kule Philadelphia, ndo maana inaitwa kromosomu ya Philadelphia, na mwaka 1973 mama mmoja, Janet Rowley wa Chicago, akiangalia picha za kromosomu zilizotiwa rangi akagundua kipande hakikupotea, kimehamia kwenye 9, na baadaye ikajulikana cha 9 nacho kimekuja kwenye 22. Kwenye maungio jeni ya BCR ya kromosomu ya 22 inakutana na ABL ya kromosomu ya 9, zinasomwa kama jeni moja, inatoka protini moja ambayo haijawahi kuwepo.

Hasara ya kwanza, kichwa cha ABL chenye yale mafuta kimekatwa, mahali pake imekaa BCR, komeo hakuna. Ya pili, BCR imekuja na kipande cha kujisokotasokota kinachofanya protini hizi zishikane nne nne, na kainesi zikisogezwa karibu hivyo zinawashana zenyewe kwa zenyewe. Ya tatu ndo hatari zaidi kwangu: kwenye BCR kuna tairosini namba 177, jirani anaibandika fosfeti, protini inaitwa GRB2 inakuja na SH2 yake inaidaka, na GRB2 hiyohiyo ina SH3 zimeshika protini nyingine, SOS, na SOS inawasha RAS, na RAS ikiwaka amri inayoshuka ni gawanyika. Angalia mnyororo huo, hakuna kiungo hata kimoja kipya humo. GRB2 inasoma kwa uaminifu kilichoandikwa, SOS inafanya kazi yake, RAS inafanya kazi yake. Tatizo ni mwandishi mmoja asiyeacha kuandika.

Kwaiyo ile seli moja inazaa, watoto wanazaa, uboho unajaa, bandama linajaa, mjomba anaongeza tundu la mkanda.

#8 Chuwa_wa_Moshi

Mkuu kama komeo ni la kungumanga, si mgonjwa ale kungumanga kwa wingi komeo lirudi? Naomba usinicheke, nina shangazi ana huo ugonjwa.

#9 MtuWaMaabara

Sikucheki kabisa, hata mimi ningeuliza. Haifanyi kazi hivyo. Mafuta yale hayaelei tu na kuingia kishimoni, seli yenyewe inayafunga kwenye kichwa cha protini kwa kimeng'enya maalum, na kichwa cha kufungiwa ndo kimekatwa. Ukila, tumbo linayasaga kama mafuta mengine. Na kungumanga nyingi ni sumu, inaleta kutapika na kuona vitu visivyokuwepo, tafadhali shangazi asijaribu. Ila wazo lako la kuziba kile kishimo kwa njia nyingine sio la bure, subiri nifike.

#10 Mfamasia Zuhra

Naongezea kwa anayetumia imatinibu. Imezwe na chakula na glasi kubwa ya maji, tumbo tupu inachoma na kutapisha. Na ukianzishiwa dawa za TB mwambie daktari mapema kwamba unatumia hiki kidonge, rifampisini inalisukuma ini kuivunja imatinibu haraka, unabaki na dawa kidogo mno kwenye damu huku wewe unajua unameza kila siku. Kwetu huku TB ipo nyingi kwaiyo hili sio la kupuuza.

#11 kipusa_wa_Eldoret

Sasa imatinib inafanya nini hasa? Inaunganisha tena kromosomu?

#12 MtuWaMaabara

Asante Zuhra, hilo la rifampisini nilikuwa nimelisahau kabisa.

Dada, kromosomu haiguswi. Imatinibu inaingia palepale ATP inapokaa kwenye kainesi, tena inaikamata ikiwa kwenye umbo la kuzimika na kuiganda hivyo. Bila ATP hakuna fosfeti, bila fosfeti SH2 ya GRB2 haina cha kusoma, amri inakatika, seli za kansa zinakufa. Brian Druker kule Oregon alianza kuwapa wagonjwa 1998, na waliopewa miligramu 300 na kuendelea kwa siku, 53 kati ya 54 damu yao ilirudi kawaida. Hamsini na tatu! Kabla ya hapo ilikuwa ni sindano za interferoni zinazomlaza mtu kama ana homa kila siku, au kupandikizwa uboho, na huo unapatikana kwa wachache. Marekani iliidhinisha Mei 2001.

Ila sikia hapa, na hapa ndo jibu la mjomba lilipo. Kuna seli mama chache za ugonjwa zimelala ndani ya uboho, hizo hazifi hata hiyo protini ikizimwa, zinakaa tu. Jeni ya BCR-ABL bado zinayo. Dawa ikiisha mwilini, kisu kinafunguka tena. Na seli zikirudi kuzaliana kwa mamilioni, kila kugawanyika ni nafasi ya kosa jipya. Kosa linaloogopwa ni moja linaitwa T315I, asidi amino namba 315, threonini, ndogo, inabadilika kuwa isolusini iliyonenepa kidogo na kuziba mlango wa imatinibu. Asidi amino moja katika protini yenye zaidi ya elfu moja, na dawa haiingii tena.

London, hospitali ya Hammersmith, waliwapa wagonjwa 87 chupa za imatinibu zenye kifuniko kinachorekodi kila kikifunguliwa, kwa miezi mitatu, wakachapisha matokeo 2010. Walioruka zaidi ya dozi 1 kati ya 10 walikuwa na nafasi ndogo mno ya ugonjwa kushuka hadi kiwango cha usalama, wakati wale waliomeza vizuri karibu wote walifika.

Na Chuwa, ahadi yangu: kwenye kile kishimo cha mafuta mgongoni mwa ABL sasa hivi kuna dawa inaingia humohumo, inaitwa asiminibu, iliidhinishwa Marekani 2021. Imekaa badala ya yale mafuta, kisu kinajikunja kama alivyoumbwa nacho mtu. Kwa sababu haipiti mlango wa ATP, hata wenye T315I inaweza kuwasaidia, kwa dozi kubwa zaidi. Kwangu hiyo ndo dawa nzuri kuliko zote niliyowahi kuisoma.

#13 Bi Mwanahawa

Mama yangu mdogo ana kansa ya ziwa, wamemwambia ni HER2. Ni ukoo huohuo?

#14 MtuWaMaabara

Pole sana bibie. Ndio, HER2 nayo ina domeni ya kainesi ya tairosini kwa ndani ya seli, ila kwake jeni imejirudia nakala nyingi, zinajaa juu ya utando zinagusana zinawashana, na GRB2 hiyohiyo inakuja kusoma. Dawa yake ya trastuzumabu inashika kwa nje, sio ndani. Muulizie kwa daktari wake kama ameandikiwa.

#15 Mzee wa Kigamboni

Na bei? Dawa hizi mkulima atazipata wapi.

#16 MtuWaMaabara

Mzee, imatinibu ilianza na bei ambayo mkulima asingeigusa maisha yake yote. Miaka ya mwanzo ya 2000 kampuni ya Novartis na shirika la Max Foundation walianzisha mpango wa kuitoa bure kwa wagonjwa wa nchi kama zetu, huku kwetu ilipita hospitali ya Ocean Road na Kenya ilipita Nairobi Hospital. Mjomba halipii kidonge, analipa nauli ya Masasi mpaka Dar na siku mbili za kulala kwa watu, na kwa mkulima hiyo nayo ni gharama. Kipimo cha kuhesabu BCR-ABL kwenye damu kinaweza kufanyika kwa mashine ileile ya GeneXpert inayopima TB kwenye hospitali nyingi za mikoa, inabadilishwa katriji tu. Mashine zimeshafika mikoani. Katriji za BCR-ABL zikifika nazo, hizi safari zitapungua, na hilo natamani kuliona sana.

#17 Chuwa_wa_Moshi

Shangazi kasikia kuna watu waliacha dawa Ulaya na wako poa. Kweli?

#18 MtuWaMaabara

Kweli lakini kwa masharti. Ufaransa walijaribu kwa watu ambao kwa zaidi ya miaka miwili kipimo hakikuona BCR-ABL kabisa, wakaacha huku wanapimwa mara kwa mara, na karibu 4 kati ya 10 ugonjwa haukurudi mwaka wa kwanza. Wale wengine ulirudi, karibu wote ndani ya miezi sita, wakarudishiwa dawa mapema kwa sababu walikuwa wanapimwa. Kuacha mwenyewe shambani bila kipimo sio jambo hilohilo. Shangazi azungumze na daktari wake.

#19 MtuWaMaabara

Wakuu mrejesho. Mjomba kaja Jumanne, kafikia kwangu.

Jioni baada ya kula nilichukua kisu chake mwenyewe cha kukunja, kile cha kumenyea machungwa, nikamwonyesha kila kitu bila kutaja jina hata moja la kisayansi. Nikakunja, nikakunjua. Nikamwambia kwenye seli yako moja ya mifupani kile kipini cha kukunjia kilikatika, kisu kiko wazi toka siku hiyo, na kidonge ni kidole chako unachoweka kwenye makali kuyarudisha ndani. Alikaa kimya muda mrefu anakikunja na kukikunjua. Afu akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Na nikilala, kidole kinabaki?"

Nikamwambia kinabaki, ila kinalegea. Dawa inapungua nusu kila baada ya saa 18 hivi, kwaiyo kesho saa ileile imebaki kama asilimia 40, ndo maana unaongeza kingine. Akahesabu kwa vidole, siku ya pili, ya tatu, ya nne. "Wiki tatu basi hakukuwa na kidole kabisa." Nikasema hakukuwepo.

Majibu ya kipimo yametoka leo mchana, BCR-ABL imepanda kutoka 0.08% hadi 0.9%. Daktari kasema ameze bila kuruka, miezi mitatu arudi, isiposhuka watatafuta kama kuna T315I au nyingine. Mjomba kaomba kalamu, kachukua kalenda ya ukutani kwangu akaikunja kuondoka nayo, na kwenye tarehe ya leo keshachora alama.